Kitasa

Stima ilikatika alasiri, mji mzima ukawa kisima.
Nimetoka arusini Mkomani saa nne na ushei,
sahani ya biriani imefungwa kwa kanga,
joto lake likinipapasa kifua.
Somoe alitaka kunisindikiza. Nikamwambia, rudi,
vichochoro hivi nimevipita peku
tangu sina meno ya mbele.

Huku kwetu kuta mbili hukugusa mabega
kama mashangazi wanaodoea habari.
Nahesabu milango kwa kiganja:
huu wenye misumari, huu uliopigwa rangi juzi,
huu wa marehemu Bi Nuru, haufunguliwi tena.

Mara taa zikarudi.
Watoto darini wakapiga yowe la furaha,
feni zikaamka, mahali fulani bomba likaanza kumwaga.
Hatua kumi kufika kwangu.
Ufunguo u mkononi,
nikamsikia.

Mwanamume. Ndani. Anazungumza.

Hakunong'ona. Mwizi hunong'ona.
Huyu alisema kama mwenye nyumba,
kwa kituo, kwa koo lililoshiba,
akanyamaza, akakohoa kidogo, akaendelea.

Nitasema kweli, kwa kuwa usiku ule niliiona:
mwizi sikumuwaza hata chembe.
Mwizi angenikuta na nini, jiko la mafuta?
Niliwaza kitasa.
Mwaka wa tatu huu tangu Shebwana aniandikie talaka
kwa karatasi iliyochanwa daftarini mwa mpwawe,
upande wa pili hesabu za kugawanya,
na ufunguo wake hakuurudisha.
"Umepotea," alisema.
Shebwana, aliyekuwa akihesabu njiti za kibiriti!

Goti likaanza kutetemeka, lile la kushoto,
lililoteguka kwa kuanguka ngazini.
Ngazini, ndivyo nilivyomwambia daktari,
na daktari akaandika: ngazini.

Nikaiweka biriani barazani.
Nikavua mchuchumio mmoja, nikaushika kwa ncha,
kisigino mbele.
Ningeweza kurudi kwa Somoe. Ningeweza kupiga ukelele.
Lakini nyumba ni yangu, mama aliniachia,
na nimechoka kubisha hodi kwangu.

Nikazungusha ufunguo. Nikasema, "Toka!"
Sauti haikuja.
Nikasema tena, ikaja ndogo, ya kitoto cha paka.

Yule bwana akajibu:
"Na sasa, bei ya vitunguu."

Redio.
Ndani ya kidaka, baina ya sahani mbili za mama,
kijitaa chake chekundu kinanitazama.
Niliiwasha alasiri nisikie taarifa,
stima ikakatika haijatamka neno,
nikaoga, nikajifukiza udi, nikaenda zangu.

Wasimuliaji husema hapa: nikacheka.
Mimi nilikaa sakafuni, kiatu mkononi,
nikasikiliza vitunguu mpaka mwisho,
na viazi, na maharagwe,
na mvua itakayonyesha mahali nisipopajua.

Dirisha la jirani likafunguka.
"Weye! Kuna nini huko?"
"Hakuna. Ni redio."
"Ah, redio." Likafungwa.
Yeye likamtosha neno moja.

Nilipotoka kuifuata sahani
paka alikwisha fungua fundo la kanga kwa ustadi wa fundi cherehani,
nyama ameila, wali kaniachia.
Nikaula hivyo hivyo, nimesimama mlangoni,
mguu mmoja mrefu, mguu mmoja mfupi.

Asubuhi nikamwendea Lali, fundi wa milango.
Alikuwa na msumari mdomoni, akautoa.
"Kitasa kimeharibika?"
Nikamwambia, la, kizima.
Kinafunguka.